Land Rover 109 ya marehemu mzee: ovahoo kamili, lakini mlima wa Chunya inachemsha na haivuti. Nimekosea wapi?

#1 Isyesye_109

Wakuu, habari za jioni.

Nina Land Rover 109 Series III ya petroli, injini ile ya cc 2,286. Ni ya marehemu baba. Imebeba mahindi na mbolea toka niko darasa la pili, halafu ikalala chini ya mparachichi hapa nyumbani Isyesye miaka tisa. Mwaka huu nikasema haiendi kwa wauza skrepa nikiwa hai.

Kilichofanyika: bloku imechongwa hadi ovasaizi ya 40, pistoni na ringi mpya, krenki imesagwa, beringi mpya, cheni ya taimingi mpya, vali zimesagwa, hedi imesawazishwa kwenye mashine. Kabureta ya Zenith nimeitoa, nimeweka Weber mpya. Platini, kondensa, plagi na nyaya vyote vipya. Fundi akaniambia, "Hii sasa imetoka kiwandani."

Uyole hadi Mbalizi gari tamu, silensa (injini ikiunguruma gari imesimama) imetulia kama cherehani. Jumapili nikasema niipeleke Chunya. Tumeanza tu kuupanda mlima wa Kawetere, geji ikaamka. Gia ya tatu imekataa, ya pili inalia. Kosta ya Chunya imenipita konda akanipungia mkono. Nimesimama mara tatu kuongeza maji. Mlima huohuo baba alikuwa anaupanda na magunia kumi na mawili.

Karakana iliyochonga inasema ni rejeta. Fundi anasema injini bado ngumu, itafunguka. Shemeji anasema niweke injini ya Hiace. Nisaidieni kabla sijamsikiliza shemeji.

#2 KitongaGiaMbili

Nipo siti ya mbele, karanga mkononi.

#3 fundi_soweto

Mkuu, mimi nasema taimingi, yaani wakati plagi inapotoa moto. Iliwekwa kwa taa au kwa sikio?

Taimingi ikichelewa, moto unawaka wakati pistoni imeshaanza kushuka. Nguvu inapotea na joto lote linaishia kwenye kuta za silinda na bomba la moshi. Ndiyo maana unapata vyote viwili kwa mpigo: haivuti NA inachemsha. Ingekuwa rejeta peke yake, gari ingevuta vizuri kwanza halafu ndiyo ichemshe.

Angalia pia kibomba cha vakyumu (mvuto wa hewa) kutoka kwenye kabureta kwenda distribyuta, ile inayogawa moto kwenye plagi. Watu wakibadilisha kuja Weber wanakisahau kinaning'inia.

#4 Mnyalu_wa_Mafinga

Kamwene.

Msimtishe mtoto wa watu. Ni rejeta. Gari imelala miaka tisa, maji yamekauka humo, vijibomba vimejaa kutu na chumvi. Tambarare inatosha, mlimani haitoshi.

Yangu nilipiga ovahoo Mafinga nikiwa nabeba mbao, nikachemsha hadi Nyololo, nikachemsha kurudi. Nilipokata rejeta juu na chini nikakuta uji wa njano. Kumbe dereva wangu kila ikivuja alikuwa anatia bizari. BIZARI wakuu! Nusu ya vijibomba ilikuwa pilau.

#5 KitongaGiaMbili

#4 nimecheka hadi jirani kagonga ukuta.

#6 Dada_Spea

Kaka Isyesye, swali moja. Thermostati, ile vali ya maji inayofunguka kwa joto, ipo?

#7 Isyesye_109

#3: taimingi iliwekwa kwa sikio. Kibomba cha vakyumu kipo, nimekiona.

#4: bizari hapana, mama angejua.

#6: Dada, thermostati fundi aliitoa. Alisema huku siyo nchi ya baridi.

#8 KitongaGiaMbili

Mbeya siyo nchi ya baridi 😂😂 huyo fundi mwezi wa saba huwa anahamia wapi?

#9 Dada_Spea

Nilijua tu. Nauza spea Mwanjelwa, na kila wiki anakuja mtu anayejivunia kuitupa thermostati. Kwenye injini hii kuna njia ya mkato ya maji, baipasi, inayorudisha maji kwenye pampu bila kupita rejeta. Thermostati ikifunguka, maji mengi yanapelekwa kwenye rejeta na ile njia ya mkato inabanwa. Ukiitoa, mkato unabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji yako ya moto inazunguka ndani ya injini tu haijawahi kuiona rejeta.

Kwa hiyo kuitoa siyo kuipoza, wakati mwingine ni kuichemsha. Weka iliyo sahihi, uichemshe kwanza kwenye sufuria uone inafunguka. Zipo za bandia, nasema mimi ninayeziuza.

#10 Kipimo_Kamili

Wote mna hoja ila mmesahau hewa. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na barabara ya Chunya inapanda zaidi ya hapo. Injini isiyo na turbo inapoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Injini hii hata ikiwa mpya haifiki farasi 80. Kwa hapa mjini umebaki na sitini na kidogo, na bado hujaanza kupanda.

Maji nayo kwa mwinuko huu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100. Ndiyo maana kofia ya rejeta ni kitu cha maana: kila psi moja ya presha inaongeza karibu nyuzi moja na nusu kabla maji hayajachemka. Kofia ikiwa imechoka unapika chai kwa nyuzi 94.

Halafu Weber uliyonunua jeti zake (vitundu vya kupitishia petroli) zimepangwa kwa hewa ya pwani. Huku juu hewa ni nyepesi, petroli ni ileile, mchanganyiko unakuwa mzito, gari inazubaa. Punguza jeti kuu.

#11 Mnyalu_wa_Mafinga

#10 umeandika vizuri mkuu, lakini baba yake alipanda mlima huohuo. Ina maana mlima umerefuka?

#12 Kipimo_Kamili

Baba yake alikuwa na Zenith iliyokwisha kuzoeshwa huku, na thermostati, na kofia nzima. Soma tena.

#13 Mzee_wa_Tukuyu

Ugonile vijana.

Nimeshika spana tangu 1977. Niwasahihishe kidogo halafu niseme langu.

Fundi wa #3, habari ya kuchelewa kwa moto uko sawa. Ila kibomba cha vakyumu hakisaidii chochote mlimani. Ukikanyaga mafuta hadi chini vakyumu inakufa, haivuti kitu. Kinachowahisha moto hapo ni vile vyuma viwili vya uzito na springi zake ndani ya distribyuta. Gari ikilala miaka tisa vyuma hivyo vinashika kutu, vinagoma kufunguka. Silensa itakuwa nzuri, tambarare nzuri, mlimani unakufa. Fungua kifuniko, shika rota, izungushe kwa vidole kisha iachie. Isiporudi yenyewe, umempata mchawi.

Sasa langu. Mmeweka cheni mpya. Nani aliipanga? Sproketi ya kamshafti ya injini hii ina vijia vya ufunguo zaidi ya kimoja, havikuwekwa kwa urembo. Fundi asiyejua anaingiza chochote kinachoingia. Au anaruka jino moja la cheni. Injini itawaka, itatulia, na wewe utafurahi. Lakini vali zinachelewa kufunga, mgandamizo unapotea, gari inakuwa zito kama ng'ombe mwenye mimba.

Pima kompresheni silinda zote nne kwanza. Ukinunua kitu kabla ya kupima, unabahatisha. Na ubadilishe kitu KIMOJA kwa siku.

#14 fundi_soweto

Shikamoo mzee. La vakyumu nimelipokea. Lakini bado ni taimingi 😅

#15 Mzee_wa_Tukuyu

Marahaba. Ni taimingi, ila ipi kati ya mbili: ya moto au ya vali.

#16 Bloku_Nyembamba

Hamjaona kitu? Ovasaizi ya 40! Bloku imechongwa mpaka kuta zimekuwa karatasi. Hiyo inachemsha milele. Dawa ni kuingiza slivu (silinda za kuvisha ndani ya bloku) urudi saizi ya kiwandani.

#17 Mzee_wa_Tukuyu

Hapana. Arobaini ni thousandi za inchi, yaani milimita moja kwenye kipenyo, nusu milimita kila upande. Kiwanda chenyewe kilitoa pistoni za saizi hiyo. Ikivuka hapo ndiyo unaingiza slivu. Usimwingize mtoto gharama.

#18 ChumaKilichosahaulika

Mie nimewahi kupata hii. Nimetafuta mwezi mzima. Mwisho nikakuta breki za nyuma zinashika. Inua magurudumu, zungusha kwa mkono.

#19 Isyesye_109

Nashukuru wote. Leo nimetoa plagi kama mlivyonifundisha kwenye uzi mwingine. Ya 1 na ya 2 nyeusi, masizi. Ya 3 imekaa kahawia. Ya 4 nyeupe kama mfupa. Sasa mchanganyiko ni mzito au mwepesi?

#20 KitongaGiaMbili

Ni wa kitaifa huo, kila kabila limo.

#21 Kipimo_Kamili

1 na 2 zinathibitisha nilichosema. Mzito.

#22 Dada_Spea

Na ya 4 inakukanusha, kaka. Weber kwenye hii injini inakalia kipande cha adapta. Kikiwa kimepinda au gasketi yake mbovu, hewa ya wizi inaingia. Hata gasketi ya manifoldi (bomba linalogawa hewa na petroli kwenye silinda) ikivuja mwishoni, silinda ya 4 ndiyo inayoonewa. Gari ikiwa silensa, nyunyiza petroli kidogo sana pale kwenye maungio (kwa akili, usiichome gari ya marehemu). Silensa ikibadilika, umepata tundu.

#23 Mzee_wa_Tukuyu

Usinyunyize petroli juu ya manifoldi ya moto, binti. Tumia maji ya sabuni.

Ya 4 nyeupe inanitia wasiwasi wa aina nyingine. Silinda ya nne iko nyuma kabisa, maji yanafika huko yamechoka. Bloku ikichongwa, vumbi la chuma na kutu ya miaka tisa vinatulia huko nyuma vinakuwa udongo. Karakana iliyochonga iliosha njia za maji? Ubavuni mwa bloku kuna koki ya kumwagia maji. Ifungue. Maji yasipotoka, au yakatoka kwa kudonda, chokoa kwa waya uone kinachotoka.

#24 Pijo_Halikufi

Mngekuwa na Peugeot 504 huu uzi usingekuwepo. Slivu za maji, unachomoa na kuchomeka, hakuna kuchonga bloku wala vumbi. Ilishinda Safari Rally mara nne.

#25 Kipimo_Kamili

504 ilishinda mara mbili: 1975 na 1978, na ile ya 1978 ilikuwa coupé, ya milango miwili, injini V6. Mara nne ni 404: 1963, 1966, 1967 na 1968. Usichanganye mjomba na mpwa.

#26 Pijo_Halikufi

Ukoo ni uleule. Land Rover ilishinda lini?

#27 Mnyalu_wa_Mafinga

Land Rover ndiyo iliyokwenda kuwavuta Pijo zilipokwama.

#28 Shemeji_Ndiye_Mkweli

Mimi naunga mkono shemeji wa mleta uzi. Toa hiyo petroli, weka ile ya Toyota Hiace iitwayo 3L, ya dizeli, cc 2,779, spea mpaka kwenye duka la chumvi. Unakunywa mafuta kiasi, unapanda Kawetere unapiga mluzi.

#29 Chimala57

Ukitoa, basi toa kwa heshima: weka 200Tdi, dizeli ya Land Rover wenyewe, angalau ni ndugu wa damu. cc 2,495, turbo, farasi 107 hadi 111 kutegemea ilitoka Defender au Discovery, na nguvu ya kuvuta ipo chini kwenye mzunguko wa 1,800. Turbo ndiyo jibu la #10, hewa nyepesi haiisumbui sana. Mimi ninayo kwenye 109 na napanda zile kona 57 za Chimala kwenda Matamba bila kuomba.

Ila nisikufiche. Niliyopata ilitoka Discovery, turbo iko chini, bomba la moshi tumelitengeneza upya. Difu za 109 ni za uwiano wa 4.7, ukibaki nazo dizeli inapiga kelele kwenye kilomita 80 kama inaibiwa. Nimeweka za 3.54. Giaboksi ya Series haikuumbwa kwa nguvu hiyo, unaiendesha kwa adabu. Mkanda wa taimingi unabadilishwa kwa wakati au unalia. Na namba ya injini imeandikwa kwenye kadi, kwa hiyo TRA lazima wajue, la sivyo siku ya kuuza utajieleza. Nikijumlisha yote, ningefanya ovahoo ya petroli mara tatu.

#30 Isyesye_109

#29 asante kwa ukweli. Siuzi na sitoi. Mama akisikia mlio wa dizeli uani atajua siyo ile.

#31 Bloku_Nyembamba

Sawa, bloku nimeshindwa. Lakini petroli ya siku hizi haina madini ya risasi, inakula viti vya vali. Tangu waondoe risasi 2015 hizi injini zote zinakufa nguvu.

#32 Kipimo_Kamili

Siyo 2015. Nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia Januari 2006. Algeria ndiyo walikuwa wa mwisho duniani, 2021. Hoja yenyewe ni ya kweli, risasi ilikuwa inavilinda viti, vali ikizama nafasi ya tapeti (upenyo unaoachwa juu ya vali) inapungua hadi vali inaungua. Ila hilo linachukua maelfu ya kilomita. Huyu vali zake zimesagwa juzi.

#33 Mzee_wa_Tukuyu

Hata hivyo pima tapeti. Milimita 0.25, zote nane. Vali zikisagwa zinakaa juu zaidi, na vijana wengi hawarudi kupima baada ya kukaza hedi mara ya pili. Hedi ilikazwa mara ya pili?

#34 Isyesye_109

Kukaza mara ya pili ndiyo nini mzee?

#35 Mzee_wa_Tukuyu

Eee Mungu wangu.

Injini ikishapata moto mara ya kwanza na gasketi mpya, inakalia. Unarudi na spana ya kupimia, paundi 65, kwa mpangilio kuanzia katikati kwenda nje, halafu unapima tapeti upya. Usipofanya hivyo gasketi inapumua. Nyuma. Silinda ya nne.

#36 fundi_soweto

Na gasketi ikipumua, presha ya moto inaingia kwenye maji, maji yanasukumwa nje kwenye rejeta. Mkuu, ukiiwasha asubuhi kofia ikiwa wazi, unaona mapovu?

#37 Isyesye_109

Machache. Sijui kama ni mapovu au ni hewa tu ya kawaida.

#38 KitongaGiaMbili

Tuna washukiwa hadi sasa: taimingi, cheni, rejeta, thermostati, kofia, jeti, adapta, udongo, gasketi, breki, mlima. Fundi peke yake ndiye yuko huru mitaani.

#39 Injini_Ngumu

Mimi niko na fundi wake. Injini mpya ina msuguano, ringi hazijakaa. Kilomita elfu moja za kwanza hupandi mlima kama ule. Tembea taratibu, badilisha oili, itafunguka.

#40 Dada_Spea

Kuwa ngumu kunapandisha geji kidogo, sawa. Hakumfanyi mtu asimame mara tatu.

#41 Isyesye_109

MREJESHO wakuu. Nimekaa kimya siku kumi na moja.

Kompresheni: 1, 2 na 3 zimekaribiana, ya 4 iko chini kidogo, siyo sana. Rota ilikuwa nzito kurudi, nimesafisha vyuma na kutia oili tone moja. Koki ya bloku imetoa maji machafu ya kahawia baada ya kuchokoa, karibu kikombe cha mchanga. Nimeweka thermostati na kofia mpya. Hedi tumekaza, boliti tatu zilizunguka robo nzima. Tapeti tumepima. Taimingi tumeweka kwa taa. Cheni hatujafungua. Breki zilikuwa salama.

Jumamosi nimepanda Kawetere gia ya tatu, nimeshuka ya pili kwenye kona kali tu. Geji haikuvuka katikati. Ile Kosta haikunipita.

#42 fundi_soweto

Taimingi! Nilisema #3. Naomba soda yangu.

#43 Dada_Spea

Thermostati, kaka. Taimingi haitoi mchanga kikombe wala haibani baipasi.

#44 Mnyalu_wa_Mafinga

Mchanga na rejeta ni ndugu. Nusu soda ni yangu.

#45 Mzee_wa_Tukuyu

Nilisema kitu kimoja kwa siku. Umefanya saba. Sasa hakuna atakayejua, na watagombania soda hadi Pasaka.

Plagi ya 4?

#46 Isyesye_109

Bado nyeupe mzee. Siyo kama mfupa, lakini nyeupe. Na imeanza kamlio ka tik-tik-tik, kanapotea ikipata moto.

#47 fundi_soweto

Tapeti hiyo.

#48 Dada_Spea

Manifoldi inavuja, chuma kikitanuka kwa moto inajiziba. Si niliwaambia adapta na gasketi zake.

#49 Kipimo_Kamili

Au pistoni, ikiwa ya baridi ina nafasi. Saizi walipima?

#50 Mzee_wa_Tukuyu

Usiende nayo mbali mpaka manifoldi ifunguliwe. Tumia boriti ya chuma iliyonyooka, iweke juu ya uso wake, tazama mwanga unapita wapi.

#51 Isyesye_109

Mzee, naandika nikiwa Makongolosi, mbele ya Chunya.